Maporomoko ya Mama Mkwe

Watu wanaochimba vidimbwi uani mwao siku hizi husema wanatafuta utulivu. Mimi nilichimba changu Dandora, katika miaka ya tisini, kwa sababu nilikutana na mama mkwe wangu nikitoka bafuni.

Nianze na huyo mama, maana bila yeye nisingepandisha hata ndoo moja. Alikuwa mama mzazi wa mke wangu, mjane, mkulima wa mahindi na maharagwe huko kwetu magharibi, na alikuwa anaugua. Ugonjwa wenyewe sikuambiwa. Mke wangu alisema tu, "Ni ugonjwa wa wanawake," akaangalia pembeni, nami sikuuliza tena, kwa sababu kwetu mwanamume haulizi habari za mwili wa mama mkwe wake. Nilichoambiwa ni kwamba dawa yake ni kuchomwa kwa mashine, kwamba mashine hiyo iko katika hospitali kubwa Nairobi pekee, na kwamba ilibidi aende kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki, bila kukatiza. Daktari alimwambia mke wangu wazi: akiacha katikati ni kama hakuanza, na ugonjwa ukirudi hawataweza tena kuuzuia.

Angekaa wapi? Mwanawe wa kiume alikuwa Kayole katika chumba kimoja na mke na watoto, na mama kulala chumba kimoja na mwanawe na mkaza mwana wake ni aibu kubwa kuliko zote. Sisi tulikuwa na chumba kitupu, kwani mpangaji wetu alikuwa amehama kiwanda kilipofungwa. Kiwanda hicho ndicho kilichonitema na mimi. Kilikuwa cha nguo, na mitumba ilipojaa sokoni mashine zikanyamaza, tukaambiwa twende nyumbani tungoje kuitwa. Hatukuitwa. Tangu hapo nilikuwa mtu wa mjengo, kubeba mawe na zege juu ya ngazi za mbao kule Kayole, narudi jioni mabega si yangu. Kwa hiyo mama mkwe alipofika alinikuta tayari nimechoka. Nataka hilo lijulikane mapema.

Kwa asiyelelewa kwetu, nitaeleza. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Hapaswi kusikia ukioga, wala ukigombana na binti yake. Nawe hupaswi kujua ameamka saa ngapi au amekwenda choo mara ngapi. Si chuki. Ni heshima, na kijijini heshima hiyo ni rahisi, kwa sababu kati ya boma langu na lao kuna kilima, mashamba ya watu, na kijito kinachopiga kelele mchana kutwa. Dandora ploti yetu ilikuwa kama za wenzetu: choo na bafu tulivyokabidhiwa pamoja na kiwanja, halafu vyumba ulivyoongeza mwenyewe kadiri ya nguvu zako, vyote vikitazamana kwenye ua mmoja mdogo. Kati ya kitanda changu na chake kulikuwa na huo ua na mabati tu.

Wazee wa kwao walikubali aje, shingo upande. Siku za kwanza tulijitahidi. Nilikohoa kila nilipotaka kufungua mlango wangu, naye akakohoa alipotaka kufungua wake, hata jirani akauliza kama kwetu kumeingia kifua kikuu. Mke wangu ndiye aliyekuwa posta yetu. Yeye akiwa kibandani kwake akiuza sukuma wiki, mama mkwe aliongea na kuku. "Wewe kuku," ungemsikia mlangoni pake, mgongo ukiwa kwangu, "mwambie mwenye nyumba mawingu yameshuka na nguo zake ziko kambani." Nami nilimwambia kuku asante.

Halafu asubuhi moja maji ya bomba yakakatika nikiwa na sabuni kichwani. Hilo Dandora halikuwa jambo la ajabu, ndiyo maana tuliweka mtungi uliojaa nje ya mlango wa bafu. Nilitoka na taulo kiunoni, macho nimeyafumba kwa povu, nikipapasa mtungi. Nikashika mkono. Haukuwa wa mke wangu. Alipiga ukelele, nami nikapiga wangu, na taulo, ambayo siku zake zilikuwa zimekwisha, ikaanguka.

Kijijini jambo kama hilo huitisha wazee na kondoo wa kuondoa mkosi. Mimi nilirudi bafuni nikakaa humo mpaka povu likanikaukia masikioni. Nilichelewa mjengoni nikanyimwa kazi ya siku hiyo, na jioni niliporudi nilimkuta mke wangu ameketi juu ya kigoda analia. Mfuko wa mama yake ulikuwa mlangoni, umefungwa kwa kamba.

"Anasema kesho anapanda basi," mke wangu akasema. "Anasema afadhali ugonjwa umle akiwa na heshima zake."

"Na daktari?"

"Anasema daktari si mkwe wake."

Nilikaa chini. Nilijua maana ya basi hilo. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza matibabu. Akienda, tungekwenda kumzika kabla ya mahindi kukomaa, na mke wangu angeishi nami akijua mama yake alikimbia taulo yangu.

"Mwombe angoje mpaka Jumapili," nikasema.

"Kuna nini Jumapili?"

"Nitamwekea kijito."

Mimi si mtu wa kusema mambo makubwa. Nadhani ulikuwa uchovu ulionena. Lakini nilipolisema likaonekana lina akili. Pazia lingeziba macho, na masikio je? Kwetu kazi ya kuziba masikio hufanywa na maji. Nikichimba kidimbwi katikati ya ua, yeye angepita upande wa kulia kwenda chooni, mimi upande wa kushoto. Na mbele ya bafu ningepanga mawe hadi juu, maji yaporomoke juu yake, ili asinisikie nikioga, nikikohoa, wala nikimkemea binti yake. Mke wangu alinitazama, akajifuta uso, akavuka kwenda kwa mama yake. Alirudi na jibu. Mama amesema atangoja Jumapili, lakini mfuko hatafungua.

Nilianza kuchimba jioni ileile. Udongo wa Dandora ni ule mweusi, ukilowa unang'ang'ania jembe, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Jirani yangu wa upande wa kushoto, mwashi kutoka kando ya Mlima, alichungulia juu ya ukuta.

"Buda, hiyo ni kaburi ama choo?"

"Kidimbwi."

"Ya samaki?"

"Ya mama mkwe."

Alipotea nyuma ya ukuta na nikamsikia akicheka huko chini. Kisha akaibuka tena akipangusa machozi. "Si umwambie tu 'sasa mathe', story iishe? Kwetu mathe wa bibi namwekea nyama tunakula na yeye." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliendelea kuchimba. Lakini hakuwa mtu mbaya, na kuona kazi ikifanywa vibaya kulimuumiza kuliko njaa. Alivumilia kidogo tu kabla ya kuruka ukuta na kuninyang'anya jembe.

Yeye ndiye aliyenionya nisitie saruji kwenye udongo ule, kwamba kiangazi cha kwanza kingeipasua. Tukatandika magunia makuukuu chini, na juu yake ile karatasi nene nyeusi ya plastiki inayotandazwa chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege. Msimamizi wetu mjengoni aliniruhusu kuchukua vipande vilivyobaki. Mawe nayo yalikuwa makapi ya mjengo, yale ya kijivu yaliyovunjika vibaya yasiyofaa ukuta. Niliyabeba begani, machache kila jioni. Yaani mchana nilibeba mawe ya tajiri na jioni nikabeba mawe ya mama mkwe.

Juu ya bafu palikuwa na sakafu ya zege. Tukapandisha pipa hapo, tukalitia bomba la mpira na koki, tukayapanga mawe kwa ngazi kutoka juu hadi kidimbwini. Pampu hatukuwa nayo. Maji yangeshuka yenyewe, na mimi ningeyarudisha juu kwa ndoo. Nilipokuwa nikipanga mambo hayo kichwani, hilo la ndoo lilionekana dogo.

Jumamosi tukafungua koki. Maji yalitoka, yakateleza juu ya mawe kimyakimya kama mtu aliyechelewa ibada, yakaingia kidimbwini. Hayakupiga kelele hata kidogo. Nilitamani kulia. Mwashi akatikisa kichwa, akayachomoa mawe fulani ili maji yaruke badala ya kuteleza. Tukaweka bati. Tukaligeuza. Mwishowe tukachukua karai la zege lililotoboka, tukalifudikiza chini pale maji yanapoangukia, na hapo ua mzima ukanguruma. Mke wangu akaingia chumbani kwa mama yake na kufunga mlango, nami nikaingia bafuni.

Nilikohoa. "Nimekusikia!" mke wangu akapaza sauti. Mwashi akasogeza karai. Nikakohoa tena, nikaimba wimbo wa kanisani, nikalaani kiwanda, nikapiga mlango teke. Kimya. Nikatoka nje. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akinishangaa. "Mbona hujaanza?" akaniuliza.

Jumapili alipotoka kanisani na binti yake, mama mkwe alikuta maji yakiporomoka. Mimi nilikuwa nimejificha chumbani kama inavyotakiwa, nikichungulia kwenye tundu la msumari. Alisimama kwa muda mrefu upande wake wa kulia, mkono kiunoni. Kisha akainama, akaufungua mfuko, akatoa leso na kanga na kuzitundika ndani. Mke wangu alinijia mbio akanishika mkono kwa nguvu, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe, nilijiona mtu wa maana.

Furaha yenyewe haikudumu hata saa moja, kwa sababu mimi, mkazi wa Dandora wa miaka mingi, nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu wa Dandora analijua. Huko kwetu maji yakinguruma ni mto. Dandora maji yakinguruma maana yake bomba limerudi, au limepasuka, na mwenye akili anashika mtungi na kukimbia. Lango likagongwa. Nilipofungua, kichochoro kizima kilikuwa hapo, akina mama na mitungi ya manjano, ndoo, hata sufuria.

"Maji imerudi kwako pekee?" akauliza mama mmoja muuza mandazi, huku akinipita kama mwenye ploti. Akasimama mbele ya maporomoko yangu. "Woi! Kumbe ni ya kumwagia mawe! Sisi tunaamka usiku kungojea bomba, na huyu amejitengenezea mto!"

Nilieleza. Nilipanda ngazi na ndoo kuwaonyesha kwamba ni maji yaleyale, yanashuka, nayapandisha, yanashuka tena. Walinitazama nikipanda na kushuka. Hasira ikawaisha, ikaja huruma, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Na hii yote ni ya nini?" muuza mandazi akauliza kwa upole.

Mke wangu akamnong'oneza. Kumbe naye alikuwa mtu wa magharibi. Akaangalia mlango wa mama mkwe uliofungwa, akashusha sauti, akawafukuza wenzake pamoja na mitungi yao mitupu. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna aliyegonga.

Basi maji nilikuwa nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Pipa likijaa lilitoa maji kwa muda wa kuoga na kunywa chai, halafu likanyamaza. Kwa hiyo kabla ya jua kutoka nilipanda na ndoo, nikalijaza, nikafungua, nikaoga, nikatoka kwenda mjengoni. Jioni nilirudi nikapanda tena, maana jioni ndipo watu wanapoongea, wanapogombana na kwenda chooni. Hilo la choo nalo lilikuwa na kichekesho chake. Sauti ya maji yanayoanguka humkumbusha mtu haja ndogo. Nikifungua koki tu, mama mkwe huyo, anatoka na leso kichwani kukimbilia chooni, nami napaswa kugeukia ukuta nikiwa na ndoo mkononi mpaka arudi.

Wanyama walikuja wenyewe. Mwashi alikuwa ameniletea machipukizi ya nduma, yaani majimbi, akasema kwao mahali penye maji pasipokuwa na nduma ni hasara, na yalipotoa majani mapana ua wetu ukapata kivuli cha kwanza. Mvua za kwanza zilileta vyura. Sijui walitoka wapi, katikati ya mabati na mitaro ile, lakini asubuhi moja walikuwepo, na baada ya muda maji yakajaa viluwiluwi. Wakaja kereng'ende wekundu. Akaja kadege keusi na keupe kanakotikisa mkia, kakawa kanaoga juu ya karai kila asubuhi kabla yangu. Mke wangu alikuwa ameapa kwamba akiona viluwiluwi vya mbu atakifukia kidimbwi kwa mikono yake, akawa anachungulia kila siku, lakini vyura na kereng'ende walifanya kazi yao. Hata wale makorongo wakubwa wa jalala la taka la Dandora, wenye vipara, walianza kutua juu ya ukuta wetu na kuwatazama vyura kwa mawazo mabaya. Mama mkwe aliwafukuza kwa ufagio.

Aliporudi kutoka hospitali alikuwa anaketi upande wake, karibu na nduma, amewapa mgongo milango yetu. Kuku alikuwa amefutwa kazi. Sasa mjumbe alikuwa chura. "Wewe chura, mwambie mwenye nyumba leo nimekula." "Wewe chura, mwambie mwenye nyumba leo sikuweza kula, lakini asihuzunike." Ndivyo nilivyofuata ugonjwa wake, kwa habari za chura. Wakati mwingine alikuwa haambii chura chochote, nami nilijua siku hiyo ilikuwa mbaya.

Mimi nilikuwa nakwisha. Nimeambiwa nisijisifie uchovu, lakini sijui neno jingine la miezi ile. Mikono ilikuwa inakataa kufunguka asubuhi. Nililala nikiwa nimeketi, kijiko mkononi. Mjengoni niliangusha tofali karibu na mguu wa mwenzangu, akaniuliza kama nimelewa. Kuna jioni nilisimama chini ya ngazi nikimkasirikia yule mama kwa moyo wote, na wazee wake, na desturi yenyewe, na mtu aliyebuni taulo. Kisha nilipanda. Nilikuwa nikijiambia kwamba kila ndoo ni siku moja zaidi ya yeye kwenda kwenye mashine, na hilo halikuwa uongo.

Ndipo kiangazi kikaja. Bomba likakauka kwa siku, halafu kwa wiki. Mitungi ilipangwa kichochoroni tangu usiku, ikiwa na alama za wenyewe, na maji hayakuja. Jioni moja lango likagongwa, naye alikuwa muuza mandazi, peke yake, na mtungi. Alikuwa na mtoto anayeharisha, kila mtu kichochoroni alijua. Nilimwambia maji yale yana vyura. Akasema atayachemsha, na ya kufulia nepi hayahitaji kuchemshwa. Ningemwambia nini? Nilimfungulia. Baada yake wakaja wengine, kwa adabu, mmoja mmoja, na mwashi naye mwishoni, akiona haya. Asubuhi kidimbwi kilikuwa tope, nduma zimelala, na vyura wamejibana chini ya jiwe moja.

Na mama mkwe alikuwa amebakiza wiki chache za mashine.

Nilikodi mkokoteni. Baada ya mjengo nilikuwa nausukuma mbali, kwenye kisima cha watu fulani upande wa Njiru, nipange foleni, nirudi na mitungi giza likishaingia. Sehemu ilikuwa ya kunywa na kupikia. Iliyobaki niliipandisha juu ya bafu. Mke wangu aliniambia niache. Nikamuuliza, nikiacha na mama yako akifunga tena mfuko?

Jumapili moja asubuhi nilikuwa katikati ya ngazi na ndoo. Watu walikuwa wanapita kichochoroni kwenda kanisani, niliona vichwa vyao juu ya ukuta. Maji ya mwisho yalikuwa bado yanaanguka kwenye karai, kwa hiyo nilijua niko salama, kwamba hakuna anayenisikia. Nikainua mguu kupanda kipago kinachofuata na mguu ukakataa. Sikuumia, sikuteleza. Ulikataa tu. Nikabaki hapo nimeikumbatia ngazi kwa mkono mmoja, ndoo kwenye mwingine, na nikaanza kulia kwa sauti, kama mtoto, mimi baba wa watu.

"Wewe," sauti ikasema chini yangu. "Teremka."

Nilidhani ni mke wangu, lakini mke wangu alikuwa amekwisha tangulia kanisani. Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni mwa kidimbwi, upande wake. Alikuwa amegeuza uso akitazama ukuta. Hakumtuma kuku wala chura. Aliongea na mimi, kwa lugha yetu, na sikujua niweke wapi macho.

"Mama, pipa linaisha," nikasema.

"Nimesema teremka."

Niliteremka. Ndoo ilimwagika nusu, sikujali. Nikasimama upande wangu, nikiwa nimegeukia bafu, na tukawa hivyo, mgongo kwa mgongo, kidimbwi cha tope katikati.

"Unadhani sikusikii?" akasema. "Nakusikia tangu siku ile ulipofungua hayo maji. Wewe unaoga nikusikie, hapana, hilo maji yanaficha. Lakini ngazi inalia. Wewe mwenyewe unaguna kila kipago. Alfajiri naamka kwa kuguna kwako, jioni nalala nako. Wakinilaza chini ya ile mashine nafumba macho, nasikia ngazi."

"Nilitaka usione aibu, Mama. Usirudi nyumbani."

Nilisikia akisogea hatua moja ukingoni.

"Baba," akasema, na kwetu mtu huitwa hivyo hata na mama yake akipendwa, "kila siku navua nguo mbele ya vijana. Wananiambia inua mkono, geuka hivi, usitikisike. Wananichora kifuani kwa wino kama mtu anayepima shamba. Wana umri wa wajukuu wangu. Nimewavumilia kwa sababu nataka kuishi. Sasa aibu gani imenibakia ya kukimbia kukohoa kwako? Funga hayo maji. Wape watu wanywe. Mimi siendi popote mpaka wanimalize."

Ndivyo nilivyojua alikuwa anaumwa nini, na mahali gani. Nilikwenda nikafunga koki. Ua ukanyamaza, na nikasikia pumzi zake, nzito, za mtu aliyesimama kwa muda mrefu kuliko anavyoweza, na najua naye alisikia zangu. Hakuna aliyekohoa kumwonya mwenzake.

Niseme tu kwamba alikaa. Alimaliza wiki zote za mashine na akarudi kwake kupanda, na alipanda misimu mingi kabla ya kutuacha. Mpaka mwisho hatukuwahi kupeana mikono, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka tupeane.

Lakini asubuhi ile, baada ya kufunga koki, niliketi juu ya yale mawe nipumzike kidogo tu ndipo niingie ndani. Nilipofumbua macho niliona jua la mchana na kanga imefunika kichwa changu, na mke wangu karudi kutoka kanisani amesimama langoni, Biblia mkononi, anashangaa. Baadaye aliniambia alichokikuta. Mimi nilikuwa nimelala chali juu ya mawe, mdomo wazi, nakoroma mpaka kichochoroni watu wanageuka. Na mama yake alikuwa ameketi mlangoni pake, hatua chache kutoka kwangu, amenipa mgongo, ufagio mkononi, na kila aliyesogea langoni na mtungi alimwinulia ule ufagio na kumwambia, "Polepole. Mwanangu amelala."